Pindo la Samaki Mweupe

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Kibakuli alikuwa anabadilisha maji kwenye vyombo arobaini na viwili vya duka la samaki wa mapambo, kimoja kimoja kama kila Jumatatu. Alipofika cha kumi na tisa akaona mapezi ya samaki mweupe yametoka nje. Yalikuwa yamevuka ukingo wa chombo na kuning'inia ubavuni mwa rafu kama shuka iliyoanikwa. Akayakunja mara mbili, akayarudisha ndani ya maji, akaendelea na cha ishirini.

Kibakuli si jina lake la kwenye cheti. Alipewa na baba yake mdogo wiki ile ile alipoanza kazi, kwa sababu kila jioni alirudi nyumbani na bakuli mkononi, na ndani ya bakuli kuna mgonjwa. Chuoni alisomea ufugaji wa samaki miaka miwili mizima, lakini samaki wa kuliwa, siyo wa kutazamwa, kwa hiyo mambo ya hawa beta alijifunzia hapo hapo dukani. Alijifunza kwamba beta ni samaki wa urefu wa kidole cha kati. Kwamba madume wawili hawakai chombo kimoja, watatoana roho. Na kwamba, pamoja na kuwa ana matamvua kama samaki mwingine yeyote, lazima apande juu ya maji avute hewa kwa mdomo. Asipofika juu, anakufa kwa kukosa pumzi huku maji yamemzunguka.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa linamkosesha Kibakuli raha. Maana wafugaji wanachagua dume mwenye mapezi makubwa, wanamzalishia watoto, wanachagua tena mwenye makubwa zaidi, na hivyo hivyo, mpaka unakuta samaki wa kidole kimoja anaburuta mkia wa vidole vitatu. Wateja wanapenda mno. Samaki mwenyewe anaogelea kidogo tu, anajilaza juu ya jani kupumzika. Kingo za mapezi zinachanika, zinageuka nyeusi, zinaoza. Wengine mzigo ukiwachosha wanageuka nyuma na kujing'ata mkia wenyewe ili wapunguze. Hao Bosi, mwenye duka, aliwaita "wenye tabia mbaya" na kuwahamishia rafu ya chini.

Samaki mweupe hakuwa na tabia mbaya. Wateja walimwita Bi Harusi, ingawa ni dume, na yeye hakuwahi kulalamika.

Jumanne mapezi yake yalifika sakafuni. Jumatano yalifika mlangoni, na wateja wakawa wanayaruka wakiingia. "Usikanyage, ni ya mtu," mama mmoja alimwambia mwanawe. Lakini siku hiyo mtaa mzima ulikuwa unazungumzia kiti kipya cha Bosi, kile cha kuzunguka, chenye magurudumu matano na sehemu ya kuegemeza shingo. Watu walikuja kukiona hata kutoka duka la rangi. Bosi alijizungusha mara mbili wakamwona, kisha akashuka, akapima mapezi kwa hatua.

"Mita nne na nusu," akasema. "Daktari wa meno nimemwahidi tatu. Anakuja Jumamosi kumchukua kwa ajili ya chumba chake cha wagonjwa kusubiri. Atajiona ana bahati."

"Bosi, huyu hafiki Jumamosi," Kibakuli akasema. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, mkono wa kulia ndani ya maji, kiganja chini ya tumbo la samaki. Kila baada ya dakika chache alimwinua hadi juu, samaki akavuta hewa, akamshusha. Mchana alikula kwa mkono wa kushoto, wali ukamwagika wote kwenye magoti.

"Kwa nini asifike?"

"Hapandi juu. Mapezi yanamlemea."

"Daktari hamnunui apande juu. Anamnunua atandazike." Bosi akamwangalia vizuri. "Halafu mbona unampakata hivyo kama kichanga? Wateja watadhani ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa, Bosi."

"Basi mpakate ukiwa umechuchumaa."

Kibakuli akachuchumaa. Jioni, kabla ya kufunga, alipunguza maji yakabaki kina cha vidole viwili, ili samaki akiinua kichwa tu akute hewa. Alhamisi asubuhi alimkuta hai, lakini amekunja mapezi kama mwavuli uliovunjika, na kwenye shina la mkia kulikuwa na alama za meno. Alikuwa amejaribu kujikata na hakuweza. Kibakuli akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kusimama mbele ya kile kiti.

"Bosi, naomba ruhusa nimpeleke kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi nguo. Mama yangu."

Bosi akafikiri. "Sawa. Ila akimpiga pasi asimuunguze."

Basi Kibakuli akatoka, chombo kifuani, mapezi yakiwa yamepita begani na kushuka mgongoni mpaka chini. Hakufika mbali kabla watu hawajamsaidia. Muuza magazeti alishika katikati. Wanafunzi wawili wakashika pembeni, mmoja huku mmoja huku, na mwisho kabisa alishika dada wa benki aliyekuwa kwenye mapumziko ya chai. Alisema yeye mwenyewe bado hajaolewa lakini anajua inavyoshikwa. Kila baada ya nyumba mbili Kibakuli alisimama kumwinua samaki apumue, na wote walisimama nyuma yake wakasubiri, kisha safari ikaendelea. Aliwashukuru mmoja mmoja walipofika, na dada wa benki akamwambia hakuna shida, amefurahi kunyoosha miguu.

Chumba cha kushonea cha mama yake kilikuwa na cherehani mbili, meza moja ndefu, kioo kirefu kuliko mlango, na dirisha linaloingiza mwanga mwingi. Kwa miaka thelathini watu wamemwita Mama Pindo, kwa sababu katika miaka thelathini hakuna pindo lake lililowahi kurudishwa. Nje ya mlango, kwenye kigoda chake, alikaa baba mdogo wa Kibakuli, mdogo wa marehemu baba yake, akishona viatu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Kibakuli. Leo mgonjwa amekuja na ukoo wake mzima?"

"Huyu ni mmoja tu, baba mdogo. Yote hii ni yeye."

Mama Pindo alitoka na futi shingoni. Alichukua pezi kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua kidogo, akaligeuza aone upande wa ndani.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Kinataka mtu mkubwa."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Hawezi kupumua."

"Anavaa na viatu gani?"

"Hana viatu, mama."

"Basi tunampima peku."

Alisema hivyo lakini hakuchukua sindano. Alikunja futi, akalikunjua, akaangalia dirishani. Kisha akasema labda wampeleke kwa fundi wa mtaa wa nyuma, yeye siku hizi kazi za hariri hafanyi.

"Mama! Tangu lini?"

"Shemeji, mwambie mtoto ukweli," baba mdogo akasema kutoka nje bila kuinua kichwa.

"Ukweli gani, wewe? Shona viatu."

"Mimi ndiye ninayemtungia uzi, Kibakuli. Mwezi wa tatu huu. Tundu la sindano halioni. Kila asubuhi sindano kumi, kwa vidole hivi hivi vya kushonea mabuti. Mwenzako nimeanza kuota sindano."

Kibakuli akamwangalia mama yake. Miezi yote hiyo alikuwa anaona nguo za watu zinachelewa, na akadhani mama ameanza kujipumzisha, akawa anafurahi kimoyomoyo.

"Sikutaka uache kazi uje kunitungia uzi," Mama Pindo akasema.

"Ningekuja."

"Ndiyo maana."

Ndani ya chombo samaki mweupe alijiinua kidogo, akaanguka. Akajiinua tena, safari hii hata nusu hakufika. Kibakuli akatia mkono, akambeba mpaka juu. Mama Pindo aliuona ule mdomo mdogo ukifunguka kutafuta hewa, na hapo hapo akaacha habari za mtaa wa nyuma.

"Shemeji! Njoo na miwani yako. Nitungie hariri nyeupe kwenye ile sindano nyembamba kuliko zote."

Baba mdogo alijaribu mara kumi na moja. Aliulamba uzi, akaukata ncha, akaulamba tena, akaitukana sindano na kiwanda kilichoitengeneza. Mara ya kumi na mbili uzi ukapita, na wote watatu wakasema asante kwa pamoja, hakuna aliyejua anamshukuru nani.

Mama Pindo alimweka samaki kwenye beseni jeupe, akamwambia atulie, samaki akatulia. Akapima kutoka kiunoni hadi chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia, kama anavyompima bibi harusi yeyote, na vipimo akaviandika kwenye daftari. Alikata kwa mkasi mkubwa, mapezi yakashuka mezani bila sauti. Kisha akakunja pindo jembamba na kulishona kwa mkono, mishono midogo ambayo hata wewe mwenye macho mazima ungeitafuta. Samaki hakutikisika. Alikuwa anafungua na kufunga mdomo tu, kama mteja anayetaka kusema kitu lakini anaona haya.

Saa kumi kasoro walimrudisha kwenye maji mengi. Samaki akaanza kuogelea, na akaogelea kwa kuzunguka. Alizunguka upande mmoja tu, raundi baada ya raundi kama mshale wa saa, akizidi kushuka.

Pindo la Mama Pindo lilikuwa limerudi, mara ya kwanza katika miaka thelathini. Baba mdogo, ambaye kwa kawaida hamwachii shemeji yake hata kosa la chumvi, aliangalia viatu.

Mama Pindo alivuta kiti, akakaa, akamtazama samaki muda mrefu.

"Nimempima kama mtu anayesimama," akasema mwishowe. "Huyu maisha yake yote hasimami. Kibakuli, jaza maji kwenye lile beseni la kufulia. Shemeji, nenda nyuma kwenye tairi lako bovu uniletee viluwiluwi vya mbu."

"Vya nini?"

"Vya kumtembeza. Nampima akitembea."

Ikawa hivyo. Baba mdogo alipiga magoti, akawa anadondosha kiluwiluwi kimoja huku, kingine kule. Kibakuli aliweka kiganja chini ya tumbo la samaki bila kumbana, akimfuata aendako. Na Mama Pindo, pini mdomoni, aliwafuata wote wawili akizunguka beseni kwa kuinama, akiweka alama za pini pale pezi linapovuta na pale linapolegea. Walizunguka hivyo zaidi ya nusu saa. Waligongana vichwa mara mbili. Mteja mmoja alifika kuchukua sketi yake, akaona kazi imepamba moto, akasema atarudi kesho.

"Polepole wewe, una haraka ya wapi?" baba mdogo alikuwa anamwambia samaki.

"Usimharakishe wala usimcheleweshe," Mama Pindo akasema katikati ya pini. "Mwache aende anavyokwenda."

Alifumua pindo la kwanza lote, akakata tena, akashona upya. Kazi ilipoisha mapezi yalikuwa ya kawaida kabisa, kama ya beta wa kwenye mashamba ya mpunga ambao hakuna mtu aliyewahi kuwachagua. Kibakuli akaondoa kiganja chake chini ya tumbo.

Samaki mweupe alizama kidogo. Akasimama katikati ya maji kama anayekumbuka kitu. Kisha akapanda, moja kwa moja, bila kuyumba, akatoa mdomo nje, akavuta hewa mwenyewe. Ilisikika sauti ndogo kama ya mtu anayebusu shavu la mtoto. Akashuka mpaka chini, akapanda tena, akavuta nyingine, na nyingine, kwa sababu tu sasa anaweza.

Kibakuli alilia kidogo na kucheka sana. Akamkumbatia mama yake, pini zikamchoma, akaendelea kumkumbatia.

Mabaki ya mapezi Mama Pindo aliyakunja na kuyatia kwenye mfuko wenye unyevu. Yeye ana sheria yake: kitambaa ni cha mwenye nguo, hata kipande cha kufuta miwani habaki nacho. Juu ya mfuko akaandika "Mwenye mali: samaki mweupe."

Ijumaa asubuhi samaki alikuwa amejenga kiota cha mapovu kwenye pembe ya beseni, kitu ambacho dume wa beta hafanyi akiwa na shida. Mama Pindo alikaa kando yake na sindano yake, akimsubiri shemeji yake afike kwenye kigoda chake. Ncha ya uzi ikaangukia majini. Samaki akaishika kwa mdomo. Mama Pindo akamsogezea sindano, samaki akaangalia tundu, akapitisha uzi, akautokeza upande wa pili, akauachia.

"Asante, mwanangu," Mama Pindo akasema, na akachukua sindano nyingine.

Baba mdogo alipofika alikuta sindano arobaini zina uzi, zimechomekwa kwenye mto wa pini kwa kufuata rangi, na shemeji yake anakunywa chai. Alizihesabu kwa kidole.

"Nani?"

"Huyo hapo."

Baba mdogo akainamia beseni. "Ndugu yangu," akamwambia samaki, "Mungu akupe maisha marefu. Leo nimestaafu." Akatoka akashona viatu huku anaimba, jambo ambalo majirani wa pande zote mbili walilizungumzia mpaka jioni.

Mchana Kibakuli alimrudisha samaki dukani. Bosi alimwangalia kutoka kwenye kiti chake, akasogea na magurudumu, akamwangalia kwa karibu.

"Amepungua."

"Anapumua, Bosi."

"Pindo ni zuri, sikatai. Mama yako ni fundi. Lakini nimwambie nini daktari?"

Daktari wa meno alifika Jumamosi saa tatu. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kumtuliza mtu aliyekwisha kufungua mdomo. Alimtazama samaki mweupe akipanda na kushuka, akasema ana afya nzuri, hongereni, ila siye aliyemwagiza. Kisha akauona mfuko.

"Na haya?"

"Ni yale aliyopunguzwa," Kibakuli akasema. "Lakini ni yake. Mama yangu ana sheria. Muulizeni mwenyewe."

Daktari akainama, akamuuliza samaki kwa heshima kama anaweza kuyachukua. Samaki akapanda, akavuta hewa, akarudi kwenye kiota chake bila hata kuutupia mfuko jicho.

"Amekubali," Bosi akasema.

Daktari aliyachukua mapezi. Aliyaweka kwenye tangi la kioo, akawasha taa chini na pampu nyuma, na mpaka leo yanapepea pale kwenye chumba cha kusubiri, meupe, mita nne na zaidi. Wagonjwa wanasema yanawasahaulisha jino. Daktari alituma barua ya shukrani, nzuri tu, yenye muhuri. Hakuna hata mgonjwa mmoja aliyeuliza samaki wake yuko wapi.

"Huyu mchukue wewe," Bosi alimwambia Kibakuli siku ile ile. "Hana soko."

Kibakuli alisema asante mara tatu, ya tatu akiwa tayari yuko barabarani na chombo.

Tangu hapo samaki mweupe anaishi kwenye meza ya Mama Pindo, dirishani, na maji ya vuguvugu na jani lake ambalo halalii tena. Nguo hazichelewi. Kila Alhamisi Kibakuli huleta wawili watatu kutoka rafu ya chini, wanapimwa wakitembea, wanapunguzwa. Waliokwisha kununuliwa nao wakaanza kuletwa na wateja wenyewe. Ndipo Bosi akapanga utaratibu: wakiwa dukani waachwe warefuke, maana ndivyo wanavyouzika, na wakishanunuliwa mteja aelekezwe kwa fundi. Aliuandika kwenye karatasi na kuubandika ukutani.

Alhamisi iliyopita alikuja mwenyewe. Mzigo mpya ulikuwa umefika kutoka kwa mfugaji, samaki kumi na sita, na mapezi yalikuwa yamejaza gari lake mpaka akashindwa kuona kioo cha nyuma. Sita wasingefika dukani wakiwa hai. Alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja ameinua mapezi ya bluu ili Mama Pindo apate kupima, mkono mwingine ana simu sikioni. Kibakuli alikuwa amechuchumaa mbele yake na kiganja majini, akimwinua mwenye mapezi apumue.

"Wateja sasa wanataka mapezi tu," Bosi alikuwa anamweleza mfugaji. "Ndiyo. Kama ya daktari. Marefu kuliko haya. Huwezi kunitumia mapezi peke yake?"

Mfugaji akaongea kirefu. Bosi akasikiliza, akitikisa kichwa.

"Anasema hayaoti yenyewe," akawaambia. "Lazima yaote kwa samaki."

Samaki mweupe alikuwa amemaliza sindano ya sita. Mama Pindo akaipokea, akamwambia asante mwanangu, akainama tena.

"Inua mkono kidogo, baba," akamwambia Bosi.

Bosi akainua. "Basi sawa," akasema kwenye simu. "Tuma na samaki."